Hapana Isiyotamkwa: Kukataa kwa Staha katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba neno la kukataa ni “no”. Baadaye, aanzapo kusoma barua za ofisini au kuhudhuria vikao vinavyoendeshwa kwa lugha hiyo, hugundua kwamba neno hilo ni adimu mno mahali ambapo lingetarajiwa zaidi. Mwombaji wa kazi aliyekosa nafasi haandikiwi “no”. Mwandishi ambaye muswada wake umekataliwa haandikiwi “no”. Huandikiwa aya mbili za shukrani na sifa, na jibu lenyewe limefichwa katikati yake. Asiyejua kulitafuta aweza kuendelea kungoja jibu alilokwisha kupewa.

Makala haya yanaeleza jinsi Kiingereza kinavyopunguza makali ya kauli, hasa kauli za kukataa. Nyenzo za kisarufi zinazotumika. Na mitego inayomkabili mfasiri anapozihamishia kauli hizo katika Kiswahili.

1. Dhana na istilahi

Katika isimu, maneno yanayopunguza uhakika au uzito wa kauli yalipewa jina la “hedge” na George Lakoff katika makala yake ya mwaka 1972. Maana ya kawaida ya neno hilo ni ua wa mimea unaozungushwa kiwanja. Msemaji anayesema “perhaps”, “I think” au “it seems” anaizungushia kauli yake ua, ili asishikwe moja kwa moja kwa alichokisema. Katika makala haya tutayaita maneno hayo “maneno ya kupunguza makali”.

Jambo hili linafanana na tafsida, lakini si tafsida. Tafsida hubadilisha jina la kitu kinachoonewa haya: twasema “kujisaidia” na “kuaga dunia”. Maneno ya kupunguza makali hayabadilishi jina la kitu. Hubadilisha uzito wa tendo la kusema. Anayesema “I'm not sure we can” hakuficha neno lolote chafu. Amepunguza tu nguvu ya pigo.

Sababu ya kufanya hivyo ilielezwa kwa kina na Penelope Brown na Stephen Levinson katika uchunguzi wao kuhusu adabu ya lugha, uliotoka mwaka 1978 na kuchapishwa upya kama kitabu mwaka 1987. Waliazima kwa Erving Goffman dhana ya “uso”, yaani heshima ambayo kila mtu hujidai mbele ya wenziwe. Msemaji wa Kiswahili haimtatizi dhana hii, kwa kuwa wahenga walikwisha kunena kwamba uso umeumbwa na haya. Kwa maelezo ya Brown na Levinson, mtu ana mahitaji mawili: kukubaliwa na wenziwe, na kutoingiliwa katika mambo yake. Kukataa hugusa yote mawili. Anayekataliwa huhisi hakukubaliwa. Anayekataa huhisi amebanwa. Maneno laini ndiyo yanayowaokoa wote wawili wasitahayari.

2. Muundo wa jibu la kukataa

Wachunguzi wa mazungumzo, akiwamo Anita Pomerantz katika makala yake ya mwaka 1984, walionyesha kwamba katika Kiingereza kukubali na kukataa haviendi mwendo mmoja. Kukubali huja upesi na kwa ufupi. Kukataa huchelewa, hutanguliwa na kusita, na hufuatiwa na maelezo. Tutazame mwaliko wa chakula cha usiku na jibu lake:

“Well, that's very kind of you, and I'd love to come, but I've got an early start tomorrow. Another time, perhaps?”

Jibu hili lina sehemu nne. Kwanza, kusita: “well”. Pili, shukrani na sifa: “that's very kind of you, and I'd love to come”. Tatu, sababu: “I've got an early start tomorrow”. Nne, mlango ulioachwa wazi: “another time, perhaps?” Hakuna mahali paliposemwa “sitakuja”, na hata hivyo kila Mwingereza atakayelisikia atajua kwamba mgeni haji.

Neno la kuangaliwa ni “but”. Aghalabu yaliyo kabla yake ni mto wa kuegemea. Habari yenyewe iko baada yake. Pasipo “but”, kauli “I'd love to come” ni kukubali. Penye “but” baada yake, kauli iyo hiyo ni dalili ya kwanza ya kukataa. Mwanafunzi azoee kungoja hadi mwisho wa sentensi kabla ya kufurahi.

3. Nyenzo za kisarufi

(a) Wakati uliopita usiozungumzia yaliyopita. Katika “I was wondering if you could help” hakuna jambo lililopita. Msemaji anauliza sasa hivi. Umbo la wakati uliopita hujenga umbali, na umbali huo ndio adabu. Ndiyo maana “could” ni laini kuliko “can”, na “would” kuliko “will”. Kiswahili kina njia zake: “ningependa”, “ningeomba”, na katika mazungumzo “nilikuwa naomba”.

(b) Kuhamisha ukanushi. Kiingereza hupenda kusema “I don't think that's possible” kuliko “I think that's not possible”. Ukanushi unatoka kwenye jambo na kuhamia kwenye fikira za msemaji. Kiswahili nacho husema “sidhani kama inawezekana”. Hatari ni kudhani kwamba kila “I don't think” ni shaka ya kweli. Mkuu wa idara akisema “I don't think we can approve this”, hajaacha nafasi ya mjadala, ametoa uamuzi.

(c) Kukanusha sifa njema badala ya kutaja mbaya. “Not ideal”, “not entirely convinced”, “less than satisfactory”. Mhariri anayeandika “I'm not entirely convinced by the second chapter” hana maana kwamba ameridhika kwa sehemu kubwa na bado kidogo tu. Aghalabu anataka sura hiyo iandikwe upya.

(d) Maneno ya kiasi. “A bit”, “a little”, “slightly”, “rather”. Kauli “we're a little concerned” kutoka kwa mkaguzi wa hesabu ni ya kutia wasiwasi. Neno “quite” lahitaji uangalifu wa pekee. Likija na sifa yenye viwango, kama “good”, Mmarekani kwa kawaida hulisikia kama “sana”, hali Mwingereza mara nyingi hulisikia kama “kiasi”. Mwalimu wa Uingereza akiandika “quite good” pambizoni mwa insha, sifa hiyo yaweza kuwa ya wastani tu. Lakini likija na sifa isiyo na viwango, kama “impossible”, maana yake ni “kabisa”.

(e) Kumwondoa mtenda. “It has been decided”, “your application has not been successful”. Aliyekataa haonekani, ombi ndilo lililoshindwa lenyewe. Hapa Kiswahili kina uwezo mkubwa, kwani mbali na kauli ya kutendwa kina kauli ya kutendeka: “imeshindikana”, “haiwezekani”, “haikupatikana”. Katika maumbo haya mtenda hakuondolewa tu, hata hadokezwi.

4. Kauli zinazokutwa mara kwa mara

“I'm afraid…” Haihusu woga. “I'm afraid we're fully booked” ni “samahani, nafasi zimejaa”. Tafsiri ya “naogopa kwamba” ni kosa.

“With respect” na “with the greatest respect”. Ni tangazo la kutokubaliana. Kadiri heshima inavyoongezwa, ndivyo upinzani unavyokuwa mkali. “Kwa heshima zote” katika Kiswahili cha mabunge na mahakama imekwisha kupata kazi iyo hiyo.

“I hear what you say”. Kwa Mwingereza, mara nyingi: “nimekusikia, lakini sikubaliani nawe”. Si ahadi ya kutekeleza.

“We'll bear it in mind” na “we'll keep your details on file”. Mara nyingi ni njia ya kuyafunga mazungumzo. Asiyeitwa baada ya hapo asishangae.

“You might want to check these figures”. Ikitoka kwa mwenzio, ni ushauri. Ikitoka kwa mkubwa wako wa kazi, ni agizo.

“I'd rather you didn't”. Ni katazo. Aliyeomba ruhusa ya kuvuta sigara na kujibiwa hivyo amekatazwa.

“We must have lunch sometime”. Pasipo siku wala mahali, si mwaliko. Ni namna ya kuagana kwa wema.

“Would you mind opening the window?” Hapa maana hugeuka. Anayejibu “yes” amekataa, kwani amesema kwamba litamuudhi. Anayejibu “not at all” amekubali. Mtego huzidi kwa msemaji wa Kiswahili, kwa sababu sisi hujibu swali la kukanusha kwa kukubaliana na kauli ya muulizaji. “Huji kesho?” “Ndiyo, siji.” Katika Kiingereza jibu la “You're not coming tomorrow?” kwa asiyekuja ni “no”. Wengi wameeleweka kinyume kwa ajili ya neno hili moja.

“Thank you”. Mgeni wa pwani akikaribishwa chakula aweza kukataa kwa kusema tu “ahsante” au “ahsante, nimeshiba”. Akisema “thank you” pekee kwa Mwingereza aliyeshika birika, atamiminiwa chai. Kukataa kwataka “no, thank you”, na hapa kwa mara moja neno “no” halina ukali wowote.

5. Mfano kutoka Bunge la Uingereza

Tabia hii si ya vyumba vya chai peke yake. Muswada uliopita katika Bunge la Uingereza huhitaji idhini ya mfalme au malkia ili uwe sheria, na idhini hiyo hutangazwa kwa maneno ya Kifaransa cha Wanormani, yaliyosalia tangu enzi za kale. Yapo pia maneno ya kukataa. Lakini hayasemi kwamba malkia hataki. Anapotawala malkia, husema “La Reyne s'avisera”, yaani malkia atalifikiria jambo hilo. Mara ya mwisho kwa idhini kunyimwa ilikuwa mwaka 1708, Malkia Anne alipoukataa muswada wa jeshi la mgambo la Scotland. Hakuna aliyekaa kungoja malkia amalize kufikiri. Kila mtu alijua kwamba “atalifikiria” lilikuwa ndilo jibu.

Hiyo ndiyo siri ya kauli hizi zote: hufanya kazi pale tu ambapo pande zote mbili zinaijua desturi.

6. Upole unapogharimu

Desturi isipofahamika kwa upande mmoja, maneno laini huleta madhara. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha vita vya Korea. Mwishoni mwa Aprili 1951, karibu na Mto Imjin, kikosi cha Waingereza cha Gloucestershire kilizingirwa na majeshi ya China yaliyokizidi mno kwa idadi. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie, alipoulizwa hali na mkubwa wake Mmarekani, Jenerali Robert Soule, alijibu kuwa mambo yalikuwa “a bit sticky”. Kwa sikio la Mwingereza, afisa anayesema hivyo katikati ya vita anatangaza maafa. Kwa sikio la Mmarekani, hali ilikuwa ngumu kidogo lakini yavumilika. Maneno yale peke yake hayakuamua vita, lakini wengi wa askari wa kikosi hicho ama waliuawa ama walitekwa.

Upande wa pili wa jambo hili ni anayejifanya hakuelewa. Mwaka 1999, Celia Kitzinger na Hannah Frith walichapisha uchunguzi kuhusu ushauri ambao wanawake vijana hupewa mara kwa mara, kwamba wasiotaka mapenzi waseme “no” waziwazi. Walionyesha kwamba katika maisha ya kawaida watu hukataa mialiko na maombi ya kila namna bila kutamka neno hilo, na kukataa kwao hueleweka vizuri. Anayedai kwamba hakuelewa kwa kuwa hakusikia “no” anadai kutojua jambo analolitumia yeye mwenyewe kila siku. Mwalimu afundishaye mada hii asiache kulisema hili: hapana laini ni hapana.

7. Kiswahili nacho

Itakuwa kosa kumweleza mwanafunzi kwamba Waingereza huzunguka na sisi husema moja kwa moja. Wahenga walisema: akufukuzaye hakwambii toka. Kiswahili kina hapana zake zisizotamkwa. “Tutaangalia”, “Inshallah”, “njoo kesho”, “nitakujulisha”: kila moja yaweza kuwa ahadi ya kweli, na kila moja yaweza kuwa mlango uliofungwa polepole. Aliyeulizwa kama ameoa hujibu “bado” hata kama hana nia hiyo kabisa, kwa kuwa “hapana” huonekana kama inakata tamaa ya dunia.

Tofauti haiko katika kuwapo kwa upole bali katika mahali upole unapokaa. Kiingereza huuweka zaidi katika vitenzi visaidizi na maneno ya kiasi. Kiswahili huuweka zaidi katika salamu zinazotangulia, katika majina ya heshima na ya undugu, katika “naomba” na “tafadhali”, na katika kuliahirisha jambo. Kwa hiyo mfasiri anayehamisha “could”, “might” na “perhaps” neno kwa neno hupata Kiswahili chenye kusitasita, kisicho na adabu zaidi. Adabu ya Kiingereza imepotea njiani, na ya Kiswahili haikuingia.

8. Kwa mfasiri

Mfano wa barua:

“While we were impressed by the quality of your application, I regret that on this occasion we are unable to offer you the post.”

Tafsiri isiyofaa: “Wakati tulivutiwa na ubora wa maombi yako, ninajuta kwamba katika tukio hili hatuwezi kukupa wadhifa.” Hapa “while” si ya wakati bali ya kulinganisha, “regret” si majuto ya aliyekosa, na “on this occasion” si tukio.

Tafsiri inayofaa: “Maombi yako yalituvutia. Hata hivyo, tunasikitika kukujulisha kwamba safari hii hukuchaguliwa kwa nafasi hiyo.”

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika sentensi fupi: “Your application has not been successful.” Mfasiri aliyefundishwa kwamba umbo hilo la kitenzi hulingana na -me- na kikanushi chake -ja- ataandika “maombi yako hayajafanikiwa”. Sarufi yake ni sahihi, na ujumbe ni wa uongo. Katika Kiswahili -ja- husema kwamba jambo halijawa, na laweza kuwa. Msomaji wa “hayajafanikiwa” ataelewa kwamba maombi yangali yanashughulikiwa, naye atangoja. Huenda akakataa kazi nyingine kwa ajili ya kungoja huko, au akaacha muda wa kukata rufaa upite. Jibu lililokamilika lataka -ku-: “maombi yako hayakufanikiwa”. Vivyo hivyo “we have been unable to” ni “hatukuweza” ikiwa uamuzi umefungwa, na “hatujaweza” ikiwa juhudi zinaendelea. Kiingereza hakitoi tofauti hiyo katika kitenzi. Mfasiri lazima aitafute katika muktadha.

Kabla ya kufasiri kauli laini, mfasiri ajiulize maswali matatu:

Je, shaka hii ni ya kweli au ni ya adabu? Daktari asemaye “the treatment may not be working as well as we had hoped” huenda bado hajui, au huenda anajua na anapunguza uchungu wa habari. Ikiwa ni maandishi, mfasiri asome yanayofuata. Ikiwa ni mkalimani aliyeketi kati ya daktari na mgonjwa, asijiamulie. Amwombe daktari afafanue, kisha afikishe yote mawili, habari na upole wake.

Je, mlango umeachwa wazi kweli? Tafuta tarehe, jina la mtu wa kuwasiliana naye, au hatua inayofuata. Visipokuwapo, mlango umefungwa, na tafsiri isiufungue.

Je, msomaji wa Kiswahili atajua la kufanya baada ya kusoma? Msomaji wa barua ya Kiingereza hujua kwamba amekataliwa. Ikiwa msomaji wa tafsiri hajui, basi tafsiri haikutimiza kazi yake, hata kama kila neno lina mwenzake.

9. Kwa mwalimu

Zoezi la kwanza: wape wanafunzi kauli moja, kwa mfano “that might be difficult”, na wahusika watatu: rafiki, muuza duka na waziri. Waeleze katika kila hali kama ni kukataa, na kwa kiasi gani.

Zoezi la pili: wape barua ya kukataa na wapige mstari chini ya maneno ambayo yakiondolewa barua bado itakuwa na uamuzi uleule. Kinachobaki ndicho habari; kilichopigwa mstari ndicho adabu.

Zoezi la tatu: waandike barua ya Kiswahili ya kumkatalia mtu mzima aliyewaheshimu, pasipo kutumia “hapana” wala “haiwezekani”, na pasipo kumwachia tumaini la uongo. Hili ndilo gumu kuliko yote. Zisomwe darasani, na msikilizaji aseme kwa kila barua kama ameelewa kwamba amekataliwa, na kama heshima yake imesalia.